UZI: Shimo lisilopasua tairi ndilo la kuogopa (watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tuongee)

Mwana wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa nyie mnaopita mara kwa mara kati ya Makambako na Tunduma, au Uyole kushuka Kyela.

Mwezi wa tatu nilikuwa narudi Mbeya kutoka Makambako na IST yangu. Saa mbili usiku, mvua inapiga kioo, taa za malori zinakuja usoni moja baada ya nyingine. Nimeshapita Igawa, nimepita Rujewa, nakaribia Chimala. Mbele nikaona dimbwi, nami nilikuwa nimeshakanyaga madimbwi njia nzima, nikaliona ni lilelile. Nilikuwa kwenye 70 hivi. Tairi la mbele kushoto likazama. Aliyewahi kuusikia mlio ule hahitaji kuelezwa: gari zima lilitikisika, usukani ukaniruka mkononi, na begi lililokuwa kiti cha nyuma likaanguka chini.

Nikaegesha mbele kidogo penye taa za duka, nikashuka na tochi ya simu. Tairi lina upepo. Rimu haijapinda. Chini hakuna kinachovuja. Nikashukuru Mungu, nikaendelea mpaka nyumbani. Kosa langu lilikuwa hapo, pale niliporudi kwenye usukani na kuamini kwamba nimepona.

Siku 17 baadaye nilikuwa nampeleka mama yangu Tukuyu kwenye msiba, pamoja na wanangu wawili. Siku kavu, jua, barabara haina hata tone. Tumeshavuka mgongo wa mlima, tunashuka kuelekea Kiwira, tairi lilelile likapasuka ubavuni. Usukani ukavutwa kushoto kwa nguvu ambayo sikuwahi kuijua. Tulisimama tairi likiwa kwenye mdomo wa mtaro, na chini yetu ni shamba la migomba. Mama hakupiga kelele. Alinishika bega akasema, "Baba, watoe watoto kwanza." Nikawatoa. Baada ya hapo mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua nati za tairi, akanisaidia kijana wa bodaboda.

Fundi aliponyanyua gari alinionyesha tairi lililochanika. Mahali pa kuchanikia palikuwa ubavu wa ndani, ule unaotazama shokapu. Akashika tairi la akiba tulilofunga, akalitikisa juu chini, likacheza: boljointi ya upande huo, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, ilikuwa imelegea. Vyote viwili, akasema, ni kazi ya kishindo kimoja cha zamani. Aliniuliza, "Bosi, hujawahi kuingia shimo hivi karibuni?"

Ndiyo maana nimeandika. Shimo likikupasulia tairi palepale, unasimama, unabadilisha, unatengeneza. Lile ambalo halikupasua linakuruhusu uendelee na safari ukiwa umebeba kitu kilichovunjika, na huku kwetu safari yoyote ina mteremko: Kitonga, Mlima Nyoka, Inyala, Iwambi, Kiwira. Nawaomba kila aliyeingia shimo mvua hizi, hata kama gari linatembea vizuri, alipeleke likanyanyuliwe. Na wenye ujuzi humu watuongezee.

Fundi Mwanjelwa

Pole sana mkuu, na pole kwa mama. Mimi ni fundi wa miguu ya magari, na kuanzia Januari mpaka Mei kazi zangu nyingi ni mashimo.

Ngoja nieleze kilichotokea kwenye tairi lako. Ubavu wa tairi ni mpira mwembamba ulioshikiliwa na nyuzi kwa ndani. Nyuzi ndizo zinazobeba nguvu ya upepo, mpira unazuia tu upepo usitoke. Tairi likigonga ukingo mkali, ubavu unabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, kama kidole kilichobanwa na mlango. Mpira unanyumbulika na kurudi, lakini nyuzi kadhaa zinakatika. Kuanzia hapo upepo unasukuma pale palipobaki mpira mtupu, kinatokea kivimbe. Kinaweza kutoka siku ileile, kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Hakizibwi. Kiraka hakisaidii, tyubu haisaidii, na yeyote anayekwambia lifungwe nyuma liendelee kutumika anakudanganya. Tairi hilo limekwisha.

Kivimbe cha nje mtu atakiona akifungua mlango. Cha ndani hakionekani. Kwa matairi ya mbele, zima gari, kata usukani mpaka mwisho, kisha pitisha kiganja taratibu ubavu wa ndani mzunguko mzima. Halafu kata upande wa pili ufanye hivyo tena. Kiganja kinaona kuliko jicho. Ya nyuma lazima uiname au ulinyanyue.

Jambo la pili ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo linabanwa kirahisi zaidi. Soma kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, usifuate mazoea ya mtu wa kujaza upepo. Na kumbukeni baridi yetu: joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo kwenye tairi unapungua karibu psi 1. Ukijaza mchana wa jua la Usangu, asubuhi ya Juni pale Uyole kipimo kitakuwa kimeshuka na hujui.

Mama wa Rungwe

Kaka Mwana wa Uyole, pole sana, na mama mpe pole yangu. Nimesoma nikiwa nimekaa kitandani nikainuka.

Fundi, naomba nikuulize. Nina Passo, nafundisha shule moja huku wilayani kwetu, na mvua za huku mnazijua, zikianza zimeanza. Tangu Januari usukani umekaa upande: ili gari liende sawa lazima niushike kama nakata kulia kidogo. Nimelipeleka gereji moja mara tatu, kila mara wananifanyia alaimenti. Linatulia siku nne, tano, linarudi vilevile. Mara ya tatu wakaniambia gari limechoka niliuze. Nimeliangalia mwenyewe tairi, la kushoto mbele linalika upande mmoja tu, ule wa ndani.

Fundi Mwanjelwa

Dada, alaimenti ni kazi ya mwisho, haiwi ya kwanza. Inapanga pembe za matairi kwa kutegemea kwamba kila kiungo kimebana. Kama kuna kiungo kinacheza, unapanga leo, kesho kikicheza pembe zinahama. Mara tatu umelipia kitu kilekile na tatizo lako hakuna aliyelishika.

Mwambie fundi anyanyue gurudumu. Ashike tairi juu na chini, alisukume na kulivuta: likicheza, ni boljointi au beringi. Kisha ashike kushoto na kulia: likicheza hapo, angalia tairodi endi, kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani. Wewe simama karibu uone kwa macho yako, usikae kwenye benchi. Na aingize bomba la chuma aangalie bushi za amu, yaani mipira ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, kwa sababu bushi iliyochanika inaweza isionekane gari likiwa limesimama. Amu yenyewe ikipinda kidogo, tairi linalika upande mmoja kama ulivyosema.

Masikio pia yanasaidia. Ukipita matuta madogo ukasikia "ko ko ko" chini ya miguu yako, mara nyingi ni linki za stabilaiza, vifimbo vya chuma kile kinachozuia gari kulala kwenye kona, hizo bei yake si kubwa. Ukikata kona mpaka mwisho ikalia "tak tak tak", hiyo ni sivijointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na kawaida ilianza kwa buti la mpira kuchanika, grisi ikatoka, tope likaingia. Mlio wa kuvuma unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka ni beringi. Usukani kutetemeka ukifika 80 na kuacha ukipunguza, anza na balansi (kusawazisha uzito wa tairi) na angalia kama rimu imepinda. Gari likidunda mara mbili tatu baada ya tuta, au shokapu ikiwa na mafuta ubavuni, shokapu imekufa, na shokapu iliyokufa inafanya kila shimo linalofuata ligonge kwa nguvu zaidi.

Mhehe wa Ipogoro

Kamwene wakuu.

Mwana wa Uyole, nina swali moja na usinielewe vibaya. Ulikanyaga breki ukiwa ndani ya shimo?

Nauliza kwa sababu nimepanda na kushuka Kitonga miaka 11 na hili nililifundishwa na dereva mzee wa basi. Ukifunga breki, uzito wa gari unakimbilia mbele, springi za mbele zinajikunja, pua inashuka. Ukiingia shimo katika hali hiyo, springi haina nafasi tena ya kujikunja, kishindo chote kinaenda kwenye tairi, rimu, boljointi na mwili wa gari. Mzee alikuwa anasema punguza mwendo mapema kwa nguvu zako zote, na ukifika ukingoni toa mguu kwenye breki, liache tairi lizunguke lipite. Usukani unyooshe, ushike kwa mikono miwili.

La pili ni kukwepa. Shimo linaharibu gari. Lori linalokuja linaua. Nimeona kwa macho yangu watu wanavyotoka upande wao ghafla pale Ifunda na kule Nyololo kwa sababu ya shimo la upana wa beseni. Kama huwezi kulikwepa bila kuvuka mstari, ingia ndani ya shimo.

Na dimbwi usilolijua kina, usilipite kwa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo gari linaingia nayo shimoni inaongezeka mara nne. Kwenye 70 na kwenye 35 ni shimo lilelile, lakini gari linalotoka upande wa pili ni tofauti.

Mwana wa Uyole

Ndiyo mkuu, nilikanyaga. Nilikanyaga kwa nguvu na nikaingia nikiwa bado nimekanyaga. Sikulijua hilo, na nimeendesha tangu 2009. Asante sana, nimemsomea mke wangu ujumbe wako wote.

Dereva wa Semi

Habari wana jukwaa. Mimi natembeza semi Dar mpaka Lubumbashi. Najua uzi huu utafika kwetu, kwamba malori ndiyo yanayochimba barabara, basi niseme mapema.

Baba yangu alipita njia hii ya Tanzam, Dar kwenda Zambia, kabla haijawekwa lami. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikakosa njia yake ya kusini, mafuta na mizigo vikahamia huku kwetu, barabara ikiwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wa wakati ule waliiita njia ya jehanamu. Malori yaliangukia kwenye makorongo na mengine hayakutolewa. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndiyo ikawa barabara kamili. Kwa hiyo barabara hii tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo. Haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda harusini Mafinga.

Shimo linatuumiza na sisi. Wewe tairi moja, mimi nina 22. Springi pati ikikatika katikati ya Chimala na Igurusi saa saba usiku, unalala hapo na mzigo wa watu. Tunapimwa Wenda, tunapimwa Makambako, tunapimwa Mpemba. Dereva anayezidisha uzito yupo, sikatai, lakini mara nyingi aliyepakia ni bosi na aliyeko kizimbani ni dereva.

Kokoto

Nimefanya kazi kwenye matengenezo ya barabara miaka mingi, mkoa wa Iringa na Mbeya, nikisimamia vikosi vya kuziba viraka. Ndugu Dereva wa Semi kasema kweli tupu kuhusu historia. Kuhusu uzito naomba niongeze, maana hapa ndipo penye kiini cha mashimo yote tunayoyalalamikia.

Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga vipande vya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakazungusha malori juu yake usiku na mchana wapime kila uzito unaharibu kiasi gani. Walichogundua ndicho mahandisi wanakitumia mpaka leo: uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito, unaongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 haiharibu mara 10 ya ekseli ya tani 1. Inaharibu karibu mara 10,000. IST ya mwenye uzi haifiki hata tani 1 kwa ekseli, hivyo magari madogo kwa lami ni kama kuku anayetembea.

Sasa chukua sheria tunayoitumia, ile ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo hapa Tanzania ilianza kutumika Machi 2019. Ekseli moja yenye matairi mawili mawili kikomo ni tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Mtu akiweka tani 12 kwenye ekseli ya 10 anaona kazidisha kidogo. Piga hesabu: amezidisha uharibifu zaidi ya mara mbili. Lami iliyopangwa kuishi miaka 20 haiwezi kuiona hiyo 20.

Lakini uzito peke yake hautoboi shimo. Anayetoboa ni maji. Lami ikishapata ufa, hata mwembamba kama unywele, maji yanaingia mpaka kwenye tabaka la kokoto chini. Kokoto iliyolowa haina nguvu. Lori likipita linaikandamiza, maji yanaruka juu kupitia ufa na kutoka na ule udongo laini uliokuwa unashika kokoto. Mtazame barabara baada ya mvua: mkiona tope jeupe au la kahawia limetokea kwenye nyufa, hapo chini kumeshakuwa na utupu, na shimo litafunguka ndani ya siku chache. Wenzetu wa nchi za theluji, maji yanaganda ndani ya ufa na kuupasua. Sisi hatuna hiyo. Sisi tuna Novemba mpaka Mei ya mvua, na mitaro iliyojaa mchanga, mifuko ya plastiki na majani ya mahindi.

Mtaro ulioziba ndio mama wa shimo. Nawaambia kwa uchungu kwa sababu nimeziba shimo moja mara nne kwa masika moja, na mita mbili pembeni yake mtaro umejaa udongo, maji yote yanapita juu ya lami. Kuzibua mtaro ule ni kazi ya vijana wawili na majembe kwa nusu siku.

Na dizeli. Mnaona sehemu malori yanapolala, lami imekuwa laini nyeusi inamomonyoka? Dizeli inayeyusha lami, maana zote zinatoka kwenye mafuta yaleyale ya ardhini. Tangi linalovuja usiku kucha mahali pamoja linatosha kuanzisha shimo.

Kijana wa Bajaji

Wakubwa shikamooni. Naendesha bajaji Mafiati, Kabwe mpaka Soweto. Naomba na sisi mtukumbuke.

Gari lina magurudumu manne, dereva anaweza kuliweka shimo katikati akalipitisha chini ya tumbo. Bajaji tairi la mbele liko katikati. Ukilikwepa kwa la mbele, moja la nyuma linaingia. Hakuna namna. Mwezi wa pili nilikuwa nimembeba mama mjamzito nampeleka kliniki, nilitambaa kama mtu anayebeba mayai, na bado aliumia kiuno. Aliponilipa nilimrudishia pesa yake.

Hapa mtaani kwetu tuliziba mashimo matatu wenyewe, udongo mwekundu na vipande vya matofali. Mvua mbili tu, ikawa tope na shimo likawa kubwa kuliko mwanzo. Kokoto, tulikosea wapi?

Kokoto

Marahaba kijana. Moyo wenu ulikuwa mzuri, na sitawaambia mwache. Mlikosea mambo mawili.

Udongo mwekundu una mfinyanzi mwingi, ukilowa unateleza na kutoka wote. Na mlijaza juu ya vitu vilegevu. Shimo likizibwa sawasawa, kwanza linakatwa kingo zake zikawa wima, za mraba, mpaka ufike kwenye lami nzima isiyo na ufa. Watu wanashangaa kuona tunachimba shimo likawa kubwa zaidi, wanasema tunaharibu. Halafu unatoa vyote vilivyolegea, unatoa maji, unarudisha kokoto kwa tabaka na kushindilia kila tabaka. Unapaka lami ya maji kwenye kingo na chini ili kipya kishikane na cha zamani. Ndipo unaweka mchanganyiko wa lami na kushindilia, ukiuacha juu kidogo, kwa sababu magari yatauminya. Kiraka kinachotupwa kwa koleo kwenye shimo lenye maji na kugongwa na mgongo wa koleo kitatoka wiki hiyohiyo. Nimeona kazi za namna hiyo na zinanikera kuliko shimo lenyewe, kwa sababu pesa imetumika.

Kwa mtaani kwenu, kama hamna lami, tumieni kokoto za mchanganyiko, kubwa na ndogo pamoja na vumbi lake, mshindilie kwa gogo zito kila mnapojaza inchi nne, na kabla ya yote mtafute maji yanatoka wapi. Mkiyageuzia mtaroni, hata hizo kokoto zitakaa.

Mwana wa Uyole

Kuna waliouliza inboksi gharama. Nilitumia tairi mbili mpya za mbele, kwa sababu fundi alikataa kunifungia moja mpya na moja iliyolika kwenye ekseli ya usukani. Boljointi ya kushoto, linki mbili za stabilaiza, kisha alaimenti na balansi. Jumla ilikuwa shilingi 486,000. Ningelipeleka siku ile ya pili baada ya Chimala, ningelipa tairi na boljointi tu, na wanangu wasingeona walichokiona. Mdogo mpaka leo akiingia kwenye gari anauliza, "Baba, tairi lina upepo?"

Mwenye kutegemea bima aangalie karatasi yake. Bima ndogo inamlipa yule uliyemdhuru, gari lako halimo. Bima kubwa ndiyo inaweza kugusa gari lako, na hapo utahitaji picha za shimo, picha za gari na taarifa uliyoitoa mapema. Mimi sikupiga hata picha moja usiku ule.

Swali langu kwa Kokoto: mtu akiona shimo, ampelekee nani? Watu wanazungushwa.

Kokoto

Anza kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, iliyoanzishwa 2000. Za wilaya, mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Hivyo Tanzam yote na Uyole kwenda Kyela ni za TANROADS, na barabara nyingi za ndani ya mitaa ni za TARURA. Ukipeleka shimo la mtaa kwa meneja wa TANROADS utapotezewa wiki bila mtu kuwa na nia mbaya.

Usiseme "barabara ni mbovu". Sema: kutoka kijiji fulani kuelekea kijiji fulani, upande wa kushoto, mita 200 baada ya daraja, shimo la upana wa hatua moja, kina cha kiganja. Weka picha yenye kitu cha kulinganisha, chupa au kiatu. Andika barua fupi na upeleke nakala kwa diwani au mwenyekiti wa mtaa, wagonge muhuri. Taarifa ya namna hiyo mtu wa ofisini anaweza kuiweka kwenye mpango wa wiki bila kutoka kwenda kutafuta. Na mnayo haki kamili ya kudai, maana tozo ya barabara imo ndani ya kila lita ya mafuta mnayoweka, na 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya hizi barabara za vijijini na mijini. Hata mwenye bodaboda anailipa.

Nisisahau reli. TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, inapita Makambako, inapita hapa Mbeya, inapita Tunduma. Kuanzia Makambako mpaka Tunduma imekaa sambamba na barabara yetu. Kila tani ya shaba inayopanda behewa ni tani ambayo haikukanyaga lami. Tunaweza kujenga njia nne, na pale Nsalaga mpaka Ifisi kazi hiyo ni ya kilomita 29, nafurahi sana. Lakini bila reli kubeba mzigo wake, tutakuja kuwa na mashimo kwenye njia zote nne.

Dereva wa Semi

Hapo kwenye reli nakuunga mkono, na mimi ndiye ninayekula kwa lori. Mzigo mzito usiooza uende na treni. Sisi tubaki na wa haraka. Kazi haitakwisha.

Mhehe wa Ipogoro

Kwa vijana wanaobadilisha rimu kubwa na tairi nyembamba, someni namba ubavuni. 185/65 maana yake upana ni milimita 185 na kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 120. Ukiweka 195/45, ubavu unabaki 88. Hizo milimita 32 ulizotoa ndizo zilizokuwa zinapokea shimo badala ya rimu. Mdogo wangu alibadilisha, masika moja amenyoosha rimu mara tatu, na ya tatu ilipata ufa ukawa unatoa upepo polepole. Aliugundua kwa povu la sabuni.

Mama wa Rungwe

Nimerudi. Leo nilitoka shule saa nane nikaenda kwa fundi mwingine, nikamwambia anyanyue gari nami nikasimama hapohapo kama nilivyoelekezwa. Alishika tairi kushoto na kulia, likacheza. Tairodi endi ya kushoto. Akaingiza bomba, bushi ya nyuma ya amu imechanika mpaka unaona mwanga.

Halafu nikaomba kitu ambacho hakuwa amekifikiria. Nikapitisha kiganja mwenyewe ubavu wa ndani wa matairi yote manne. La nyuma kulia lina kivimbe kama nusu ya parachichi dogo. Fundi aliinama akatazama, akanyamaza, akaniambia gari lisitoke.

Limebaki pale. Jumatatu nitapanda Coaster. Kuna mtu ananiuzia tairi za mtumba mbili, meno yake yanaonekana mazito bado. Fundi Mwanjelwa, nichukue?

Fundi Mwanjelwa

Dada, kabla ya kutazama meno yalivyo mazito, tafuta ubavuni neno DOT, mwishoni mwake kuna namba nne ndani ya kijisanduku. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo. Tairi lenye miaka 10 usilichukue hata likiwa na meno yote. Kisha likunje ubavu kwa mikono utazame kama kuna vipasuko vyembamba, na utazame ndani kama kuna kiraka ubavuni au alama ya mduara iliyosuguliwa, hiyo inaonyesha lilitembea bila upepo.

Nitumie picha ya hizo namba inboksi kabla hujalipa. Na mwambie fundi wako alaimenti asifanye mpaka bushi na tairodi endi vimefungwa.

Mama wa Rungwe

Nimeenda kuangalia sasa hivi na tochi. Moja imeandikwa 4011, nyingine 0812. Nimeziacha. Jumamosi asubuhi napanda Mbeya kununua mpya.